Skuli za maandalizi za madrasa Unguja: ada ndogo, kazi kubwa

Mzazi wa shamba hapa Unguja anayetafuta pa kumpeleka mtoto wa miaka minne hana uwanja mpana wa kuchagua. Lipo darasa la maandalizi ndani ya skuli ya serikali, pale lilipofunguliwa na nafasi haijajaa. Zipo nasari za watu binafsi, ambazo nyingi ziko mjini na ada zake ni za mjini. Na zipo skuli za maandalizi za madrasa, ambazo ardhi, jengo na uendeshaji wake ni mali ya wanakijiji wenyewe, huku mafunzo ya walimu na mwongozo wa ufundishaji vikitoka kwenye mpango wa Madrasa ulio chini ya Taasisi ya Aga Khan. Tathmini hii inahusu aina hiyo ya tatu. Watoto wangu wawili wamepitia skuli moja ya namna hiyo katika Wilaya ya Kati, na mimi na mama yao tumekaa katika vikao vyake, tumetoa michango yake na tumegombana na kamati yake. Jina la skuli nitalihifadhi, kwa sababu yapo ya kulaumu na kijiji ni kidogo.

Asili ya mpango huu inafaa kujulikana, kwa kuwa ndiyo inayoeleza kwa nini skuli hizi zimekaa kama zilivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa jamii za Kiislamu za pwani ya Kenya walimwendea Aga Khan, kiongozi wa Waislamu wa madhehebu ya Ismailia, kumweleza kwamba watoto wao walikuwa wakibaki nyuma kimasomo, na kwamba wazazi hawakutaka kulazimishwa kuchagua kati ya dini ya mtoto na skuli ya mtoto. Jibu lililopatikana halikuwa kujenga skuli na kuwakabidhi watu funguo. Alitafutwa mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said, akazunguka mitaani na vijijini kuzungumza na maimamu, wazee na akina mama kabla ya darasa lolote kufunguliwa. Utaratibu huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na skuli zilizoanzishwa kwa njia hiyo katika nchi hizo tatu zimepindukia 200. Mazungumzo hayo ya mwanzo hayakuwa adabu tu ya kubisha hodi. Yalikuwa ndiyo msingi wa jengo, kwa maana kijiji ambacho hakikukubaliana kwanza hakikupewa skuli.

Kwa hiyo anachokipata mzazi, kabla ya darasa na mwalimu, ni nafasi katika mkataba. Kijiji kinatoa kiwanja au chumba, mara nyingi pembeni mwa msikiti au chuo cha Qur-ani, kinachagua kamati, kinapendekeza wanawake wa palepale waliosoma sekondari kuwa walimu, na kinaahidi kuwalipa. Mpango, kwa upande wake, unawafundisha walimu hao, unaifundisha kamati kuweka mahesabu, na unawatuma wakufunzi kulitembelea darasa kwa miaka ya mwanzo, mpaka skuli ionekane inaweza kusimama yenyewe. Siku hiyo kijiji huhitimu, na hapo ndipo sherehe hufanyika, pilau hupikwa, na mzigo wote huhamia mabegani mwa wanakijiji.

Darasani ndipo huduma hii inapostahili sifa zote inazopewa, na nitakaa hapo kidogo. Chumba cha skuli yetu hakina madawati wala meza ya mwalimu iliyoinuliwa. Sakafuni kumetandikwa mikeka ya ukili, na kuta zimegawiwa kona: kona ya nyumbani, kona ya duka, kona ya ujenzi, kona ya vitabu, na nje, chini ya mwembe, kona ya mchanga na maji. Katika kona ya nyumbani kuna kinu kidogo na mchi wake, kawa, kata ya kifuu, na mbuzi ya kunia nazi iliyong'olewa ulimi wake wa chuma ili watoto waikalie na kukuna bila kujikata. Dukani kuna mizani iliyotengenezwa kwa vifuu viwili vilivyoning'inizwa kwa kamba ya makumbi kwenye ncha mbili za kijiti. Mnunuzi akitaka komwe, muuzaji humpimia kwa kuweka jiwe upande mmoja na komwe upande wa pili, na wanunuzi wa rika hilo, kama ilivyo kwa wakubwa wao wa soko la Darajani, hawaondoki mpaka wahakikishe kuwa hawakupunjwa. Hesabu ya "zaidi", "pungufu" na "sawa" inafundishwa hapo bila chaki kugusa ubao.

Vitu hivyo havikununuliwa. Walimu hufunzwa kutengeneza vifaa kwa kinachopatikana kijijini, na wazazi huombwa vifuu, simbi, vizibo vya soda, mbegu za mkwaju, vitambaa vya fundi cherehani na maboksi matupu. Nimewahi kusikia mtu wa mjini akisema kwamba huo ni umaskini uliopakwa rangi. Sikubaliani naye hata kidogo. Mwanasesere wa plastiki akivunjika mkono hutupwa, na anayefuata hununuliwa kwa mchango mwingine. Kifuu kikipasuka, kesho kuna vifuu kumi. Isitoshe, mtoto anayemwona nyanya yake akikuna nazi nyumbani na akakuta mbuzi ileile darasani hahitaji kuelezwa kwamba mambo ya skuli yanamhusu.

Ratiba ya asubuhi ina mpango wake. Baada ya salamu, dua na nyimbo za duara, kila mtoto husema anataka kufanya nini na katika kona ipi, huenda akafanya, kisha hurudi kwenye mkeka kueleza alichofanya na jinsi kilivyokwenda. Utaratibu huo wa kupanga, kutenda na kusimulia una asili ya mbali, katika mbinu za HighScope, taasisi ya elimu ya watoto wadogo ya jimbo la Michigan nchini Marekani, lakini umevishwa kanzu hapa na haimkai vibaya mvaaji. Siku moja nilipokaa pembeni kusubiri, mwanangu alieleza kwamba amejenga daraja kwa vipande vya mbao na gari halikupita kwa sababu daraja lilianguka katikati. Mwalimu hakumwonyesha namna ya kulijenga. Alimuuliza, "Sasa kesho utaweka nini chini ya hapo katikati?" Mtoto akafikiri, akasema ataweka kopo, na mwalimu akapita kwa mwenzake. Mwalimu huyo alimaliza kidato cha nne katika skuli ya wilaya hiihii, na sijaona swali zuri kuliko hilo katika nasari zenye mabasi ya njano.

Upande wa dini nao umepangwa kwa busara. Bismillahi husomwa kabla ya uji, sura fupi huhifadhiwa kwa kuimbwa, maamkizi hufunzwa kwa vitendo, na herufi za Kiarabu hukaa ukutani pamoja na za Kilatini bila kugombania nafasi. Hata hivyo, mzazi asidhani kwamba skuli hii inaondoa haja ya chuo. Watoto wetu waliendelea kwenda chuoni jioni kwa maalim wao, na walimu wa skuli ndio waliotuhimiza tusiwaache.

Lawama inayosikika zaidi kutoka kwa wazazi ni kwamba watoto hawaandiki. Mtoto wa jirani anayesoma nasari ya mjini anarudi na daftari lililojaa herufi "a" kurasa nzima, na wetu anarudi na mchanga kwenye nywele. Wapo waliowatoa watoto wao kwa sababu hiyo, na kamati yetu, ikiogopa kupoteza ada, iliwahi kuwashinikiza walimu waanzishe kunakili ubaoni kila siku. Walimu walikataa kwa upole, kisha wakafanya jambo la maana: waliwaita wazazi asubuhi moja, wakawaketisha kwenye mikeka, wakawapa kona za kuchezea na kuwauliza baadaye wamejifunza nini. Baba mmoja mvuvi alitumia muda wake wote kupanga simbi kwa ukubwa, na alipoulizwa alijikuta akieleza mfuatano kwa ufasaha. Sitasema kwamba kila mtu aliridhika. Lakini walimu walio tayari kuitetea kazi yao mbele ya wanaowalipa ni wachache, na ujasiri huo ulitokana na mafunzo waliyopewa, ambayo ni marefu na hufanyika zaidi darasani kuliko kwenye ukumbi wa semina.

Sasa nije kwenye uendeshaji, ambako sifa na kasoro vinakaa chumba kimoja.

Mahesabu husomwa hadharani. Mwisho wa muhula mshika fedha husimama mbele ya wazazi na yeyote mwingine aliyependa kuja, husoma mapato na matumizi mstari kwa mstari, na karatasi hubandikwa mlangoni. Katika kikao kimoja, bibi mmoja ambaye hana mjukuu pale aliuliza kwa nini nazi za uji zimeandikwa kwa bei inayozidi ya sokoni. Mshika fedha akataja usafiri. Bibi akasema nazi hizo zimetoka kwa jirani yake, nyumba ya tatu kutoka skulini. Kicheko kilipokwisha, kiasi kilirekebishwa palepale na mshika fedha akatia saini upya. Nimeshiriki katika vyama vya ushirika na kamati za maji, na sijaona mahali pengine ambapo mtu asiyekuwa na cheo anaweza kusahihisha daftari kwa namna hiyo na kikao kikaendelea.

Kamati yenyewe, hata hivyo, ilikaa miaka mingi bila kuchaguliwa upya. Katiba ya skuli inataka uchaguzi, lakini kila ulipokaribia palitokea sababu: mwezi wa Ramadhani, mavuno ya karafuu, msiba. Wanakamati hawakuwa wezi. Walichoka, na aliyechoka hakuona wa kumrithi. Mkataba unaomgawia kila mtu wajibu wake hautaji nini kifanyike wajibu huo unapomzeekea mtu mikononi, na wakufunzi waliokuwa wakija mwanzoni kuyaona mapema mambo kama hayo huja mara chache baada ya kijiji kuhitimu. Kwa maoni yangu hilo ni tundu kubwa katika muundo mzima. Skuli inahitaji jicho la nje zaidi katika mwaka wake wa kumi kuliko mwaka wa pili, kwa sababu mwaka wa pili bado watu wana hamu.

Kazi za wazazi hazigawanywi sawa pia. Baba hujitokeza siku ya kupaua, kumwaga zege au kuchimba shimo la choo, hupigwa picha, kisha hurudi bandarini. Mama hupika uji kwa zamu, hufua vitambaa vya kona ya nyumbani, hukaa darasani mwalimu anapougua, na hukusanya vifuu. Zamu moja ya uji ina maana ya kuamka kabla ya alfajiri na kupoteza asubuhi nzima, na kwa mwanamke anayelima mwani pwani ya mashariki asubuhi hiyo ni kipato, kwa sababu maji yakikupwa hayamsubiri mtu. Skuli inayojisifu kwa ada ndogo ingepaswa kuandika saa hizo katika daftari lake la michango. Zikiandikwa, nadhani wengi wataona kwamba mchango mkubwa kuliko wote unatoka kwa watu ambao hawakai kwenye meza ya kamati.

Ada yenyewe kweli ni ndogo. Haifiki hata robo ya kinachotozwa na nasari za mjini ninazozijua, na familia isiyoweza hulipa kwa kuni, samaki au kazi. Udogo huo una anayeubeba, naye ni mwalimu. Mshahara wake hutoka kwenye ada, ada hulipwa kwa kusuasua, na miezi ya vuli na masika hupita akiwa amepewa nusu. Tatizo hili mpango uliliona mapema, na ndiyo maana ulianzishwa mfuko wa akiba: kijiji kilichangisha kiasi chake, wafadhili wakaongeza chao, fedha za skuli nyingi zikawekezwa pamoja, na gawio likarudishwa kwa kila skuli ili lisaidie mishahara. Wazo hilo halikuwa geni kwetu, kwa kuwa wazee wetu waliendesha misikiti na visima kwa wakfu kwa karne nyingi. Gawio linasaidia, lakini halimlei mwalimu mwenye watoto wake mwenyewe. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu riba ana haki ya kuuliza fedha hizo zimewekwa wapi, na ana haki ya kujibiwa kwa maandishi.

Matokeo yake ni kwamba walimu wazuri huondoka. Mwalimu wa swali la kopo na daraja aliajiriwa kwingine kabla ya mwaka kwisha, na hakuna aliyethubutu kumlaumu. Kwa muda mrefu makundi mawili yaliunganishwa chini ya mwalimu mmoja na msichana asiyepata mafunzo, kona zikafungwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuzisimamia, na watoto wakakalishwa kuimba alfabeti mpaka saa nne. Ada haikupunguzwa. Kamati ilitangaza kwamba inamtafuta mwalimu, na ikaendelea kutangaza hivyo hivyo. Mama wa watoto wangu aliposimama kikaoni kuuliza ni lini, aliambiwa kwamba mtu mwenye haraka atafute mwenyewe. Akamtafuta kweli, akamleta binti wa shehia ya jirani aliyekuwa amepitia mafunzo ya Madrasa zamani, na kamati ikachukua wiki kadhaa kumkubali kwa kuwa hakuwa mwenyeji. Ninalieleza hili kwa urefu kwa sababu linaonyesha udhaifu ambao mzazi hawezi kuuona siku ya kuandikisha mtoto: ubora wa skuli hizi unakaa kwa mwalimu mmoja au wawili, na wakiondoka hubaki mikeka.

Kwa upande wa matokeo, mpango huu umechunguzwa kuliko nasari nyingi za Afrika Mashariki. Utafiti uliofanywa katika nchi zote tatu na Peter Mwaura pamoja na Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg wa Chuo Kikuu cha Oxford, na kuchapishwa mwaka 2008, uliwalinganisha watoto wa skuli za Madrasa na wa skuli nyingine za awali pamoja na waliobaki nyumbani. Waliosoma skuli yoyote waliwapita wa nyumbani, na wa Madrasa wakawapita wenzao wa skuli nyingine. Nilichokiona kwa wangu hakipingani na hayo, ingawa watoto wawili si utafiti: waliingia darasa la kwanza wakiwa hawaogopi kuuliza.

Tatizo ni kwamba darasa la kwanza halikuwa tayari kuulizwa. Chumba kilikuwa na watoto wengi kuliko madawati, na mwalimu, ambaye simlaumu kwa idadi aliyopewa, alihitaji kimya kwanza na mengine baadaye. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza miaka miwili ya maandalizi katika elimu ya lazima, kabla ya miaka sita ya msingi, na hapo ndipo hoja yangu ya mwisho kuhusu bei inapokuja. Ikiwa maandalizi ni wajibu kwa mujibu wa sera hiyo, mwanakijiji anayejenga darasa, anayempikia mtoto uji na anayemlipa mwalimu anafanya kazi ambayo serikali imesema ni yake. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali husajili na kukagua skuli hizi, jambo linalofaa. Lingefaa zaidi kama ingemlipa angalau mwalimu mmoja katika kila moja, na kuiacha kamati ibaki na jengo, vifaa na uji. Kijiji hakingepoteza umiliki wake kwa hilo. Kingepoteza tu sababu ya kumpunja mtu.

Vyoo vya skuli yetu ni visafi, maji yapo isipokuwa wakati wa kiangazi kirefu, na uzio ulijengwa baada ya mbuzi wa jirani kula kona ya vitabu. Mtoto mwenye ulemavu wa viungo alipokewa vizuri na walimu, ingawa ngazi mbili za mlangoni zilichukua muda mrefu mno kuwekewa mteremko.

Kwa hao wanaouliza kama nitampeleka mtoto wa tatu: ndiyo, na katika skuli ileile. Siwezi kumshauri hivyo kila mtu. Wazazi ambao wote wawili wanatoka alfajiri na kurudi magharibi, na hawana bibi au shangazi wa kuwashikia zamu, watajikuta wakilipa faini za kukosa vikao na kunung'unikiwa na wenzao. Hao nasari ya kulipia itawafaa zaidi, ikiwa uwezo upo. Walio katika vijiji visivyo na jengo wala kamati waulizie vituo vya Tucheze Tujifunze, ambavyo huendeshwa kwa vipindi vya redio na walezi wa kujitolea, na huhitaji mtaji mdogo kuliko skuli kamili. Wenye skuli ya madrasa karibu yao waende mwezi wa Novemba, kabla ya nafasi za Januari kujaa, na waende saa mbili asubuhi siku ya kazi bila kutoa taarifa. Waulize mambo matatu tu: mwalimu mkuu ana miaka mingapi hapo, amelipwa lini mara ya mwisho, na kamati ilichaguliwa mwaka gani. Majibu ya mawili ya kwanza waombe kwa mwalimu mwenyewe, mwenyekiti akiwa hayupo.